Moyo wa mzee wangu ulipata 35, nikadhani amefeli

Karatasi ilikuwa moja, ina muhuri wa zambarau chini, na katikati ya Kiingereza cha kidaktari nilichoshindwa kukitafuna niliona kitu kimoja tu nilichoelewa. EF 35%. Mimi nimefanya mitihani ya kutosha maishani kujua 35 ni nini. Hiyo ni D ya kuhurumiwa.

"Imesema nini?" Mama akaniuliza. Alikuwa ameketi kando ya kitanda, ameshika mkono wa Baba, ule usiokuwa na sindano.

"Imesema anaendelea vizuri," nikamjibu. Kisha nikatoka nje ya wadi, nikasimama kwenye korido na kuanza kugugo. Usiwahi kufanya hivyo, manze. Intaneti ikikupata usiku ukiwa na nambari usiyoielewa, itamzika mzee wako kabla ya asubuhi.

Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma, Kariobangi Light Industries. Mageti, madirisha, vitanda vya bweni, hata fremu za mikokoteni. Jumamosi moja walikuwa wakiinua geti na vijana wake, akahisi kifua kimebanwa kama chuma kwenye jiliwa. Akasema ni asidi, akanywa soda. Jasho likamtoka hadi shati likalowa, mkono wa kushoto ukafa ganzi, naye bado anasema ni asidi. Kijana wake mmoja ndiye aliyekataa kumsikiliza, akaita teksi. Huyo kijana sitamsahau.

Hospitalini walisema ni mshtuko wa moyo. Mshipa unaopeleka damu mbele ya moyo ulikuwa umezibwa. Wakaingiza waya mwembamba kupitia kifundo cha mkono, wakafika hadi pale palipoziba, wakajaza puto dogo, wakaacha stenti. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma chenye upana wa kama milimita 3, kinachokaa ndani ya mshipa ili usijifunge tena. Swali la kwanza la Baba alipoweza kuongea lilikuwa, "Ni chuma gani?" Daktari akacheka, akamwambia ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, umepakwa dawa ya kuzuia nyama isiote na kuziba tena. Nyaya zake ni nyembamba kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita. Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo siwezi kuchomelea," akasema.

Tukacheka sote. Tukadhani kazi imeisha. Bomba limezibuliwa, maji yatapita, si ndivyo?

Sivyo. Na hapo ndipo ile karatasi ya 35 inapoingia.

Siku ya pili baada ya stenti walimfanyia eko, yaani altrasaundi ya moyo. Ni teknolojia ileile ya kuangalia mtoto tumboni, ila inaelekezwa kifuani. Niliruhusiwa kuingia naye kwa sababu alihitaji mtu wa kumgeuza. Dada aliyekuwa akiendesha mashine alikuwa umri wangu, labda amenizidi mwaka mmoja. Alimlaza Baba kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, akambandika stika tatu za kusoma mapigo, akampaka jeli baridi.

"Pole Mzee, ni baridi kidogo."

"Usijali, msichana wangu."

Kisha akaweka kile kifaa kinachofanana na maikrofoni kati ya mbavu zake. Lazima kiwe kati ya mbavu, kwa sababu mawimbi hayo hayapiti vizuri kwenye mfupa, na hewa iliyo ndani ya mapafu nayo huyavuruga. Kulala kwa ubavu wa kushoto kunausogeza moyo karibu na ukuta wa kifua. Ndiyo maana pia anakuambia, "Toa pumzi, shikilia hapo." Hakuna miale kama ya eksirei. Ni sauti tu, ya juu mno kwa sikio la binadamu. Sisi tunasikia hadi kama mitetemo 20,000 kwa sekunde. Ile ya eko ni mamilioni.

Kwa skrini nikaona moyo wa babangu. Sijui niseme vipi. Umeishi na mtu miaka 24, umemsikia akikohoa, akikufokea, akipiga mluzi asubuhi, halafu unaona kile kitu chenyewe kinachomwendesha, kinafunguka na kufunga, cheupe na cheusi. Akabonyeza kitufe, rangi zikatokea, nyekundu na bluu. Nikadhani bluu ni damu chafu. Dada akanisahihisha: nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, bluu ni inayoondoka. Basi. Anatafuta kama kuna vali inayovujisha.

Sasa hii 35. Ni usiku huo, nikiwa bado kwenye korido, ndipo daktari wa zamu alinikuta na simu mkononi. Lazima sura yangu ilinisaliti, kwa sababu alisimama bila kuombwa. Akanieleza hivi.

Chumba cha chini cha kushoto ndicho pampu kubwa ya moyo. Kikijaa, tuseme kina mililita 120 za damu. Kikijikamua, kinasukuma nje kama 70, na 50 zinabaki. Gawanya 70 kwa 120, unapata kama asilimia 58. Hiyo ndiyo EF. Hakuna moyo wa binadamu unaopata 100, na ukikaribia huko kuna shida nyingine. Mzima huwa kati ya 50 na kitu hadi 70 hivi. Kwa hivyo babangu hakuwa amepata 35 kwa 100. Alikuwa amepata 35 mahali ambapo mwanafunzi bora hupata 60 na kitu.

"Bado ni chini," daktari akasema, "lakini hii ni eko ya siku ya pili. Usiisome kama hukumu."

Akaniuliza kama nimewahi kuona mtu aliyepigwa ngumi ya ghafla. Anasimama tu, ameduwaa, hajafa. Msuli wa moyo hufanya vivyo hivyo. Damu ikikatika kisha ikarudi, kuna sehemu inayobaki imepigwa na butwaa kwa siku au wiki kadhaa. Iko hai, inapata damu, ila haijikunji. Kuna sehemu nyingine ambayo ilikuwa ikipata damu kidogo kwa muda mrefu hata kabla ya siku ya mshtuko, ikapunguza kazi ili isife, kama simu inapoingia kwenye hali ya kuokoa chaji. Hiyo nayo inaweza kuamka, ila huchukua miezi. Na kuna sehemu iliyokufa kabisa. Hiyo huwa kovu, na kovu halipigi.

Siku ya pili, kwa macho ya eko, zote tatu zinaweza kufanana: ukuta uliotulia pale ambapo ulipaswa kujikunja. Stenti imefungua njia. Ni wiki zinazofuata zitakazoonyesha nani alikuwa ameduwaa na nani amekufa. Ndiyo maana walituambia turudi baada ya miezi mitatu, eko irudiwe.

Miezi mitatu! Mwambie fundi wa Kariobangi akae nyumbani miezi mitatu bila kuinua chuma.

Nyumbani hali ilikuwa tete, sitaficha. Bima ililipa sehemu, sisi tukachangisha nyingine kwa harambee ya WhatsApp, na karo yangu ya muhula ule ikaishia kwa famasia. Nilikuwa mwaka wa pili. Niliacha, na sijarudi. Silii. Nasema tu ili uelewe kwa nini kila tembe ndani ya nyumba yetu ilikuwa na bei kichwani mwa mtu.

Wiki ya sita Baba alikuwa anapanda ngazi hadi orofa ya nne bila kusimama. Anapiga mluzi tena. Akaanza kusema, "Mimi nimepona." Siku moja bila kutuambia akaenda kwa kliniki fulani ya mtaani iliyobandika bango la ofa ya eko, akapigwa dakika kumi hivi, akarudi na karatasi yenye mistari miwili: moyo unafanya kazi vizuri, EF 50%. Hakukuwa na picha wala vipimo vya chumba, na ukuta wa moyo haukutajwa hata kwa neno moja.

Mzee alisherehekea kama ameshinda jakipoti. Kutoka 35 hadi 50! Wiki hiyohiyo alirudi karakana.

Mimi nilikuja kugundua lile lingine kwa bahati. Nilikuwa natafuta chaja kwenye droo yake nikapata klopidogreli, pakiti nzima haijaguswa. Nikahesabu. Siku tisa.

"Baba, hizi dawa mbona hujameza?"

"Si umeona karatasi? Moyo ni 50. Hizo ni za mgonjwa. Na unajua zinagharimu pesa ngapi."

Hapo ndipo nilipokosa heshima kidogo, Mungu anisamehe. Nilipaza sauti. Mama akatoka jikoni akiwa na mwiko. Nikapigia hospitali simu mbele yake, nikaweka spika, nesi akauliza maswali mawili: ana maumivu ya kifua, ana uvujaji wa damu popote? Hana. Akamwambia, "Mzee, meza leo, usingoje kesho. Na kifua kikibana tena, usininywee soda, njoo." Alimeza akiwa amenuna, kama mtoto.

Nilikuja kuelewa baadaye kosa la Baba lilikuwa wapi, na naona ni kosa ambalo mtu yeyote angefanya. Alidhani eko imeangalia stenti yake. Eko haioni hivyo. Ule mshipa ni milimita chache, unarukaruka na kila pigo, na stenti iliyo ndani yake haikaguliwi kwa eko ya kawaida. Kuona ndani ya mishipa kunahitaji anjiogramu, ile ya waya na rangi maalum, au sitiskani ya mishipa ya moyo. Eko inaangalia msuli. Ni kama kukagua shamba kujua kama mfereji unapeleka maji: ukiona mahindi ni mabichi, maji yanafika. Lakini mahindi mabichi ya leo hayakuambii kama kesho mfereji utaziba.

Na stenti mpya inaweza kuziba ghafla. Ni chuma kigeni ndani ya damu, na damu ikikutana na kitu kigeni hutaka kuganda. Kwa hivyo mtu aliyepata mshtuko wa moyo kwa kawaida hupewa dawa mbili za kuzuia hilo, aspirini pamoja na klopidogreli au dada zake, mara nyingi kwa mwaka mmoja, mpaka ngozi laini ya ndani ya mshipa iote juu ya zile nyaya. Daktari anaweza kufupisha kwa mtu anayevuja damu kwa urahisi. Daktari, sio droo. Baba angeweza kuwa na EF ya 60 Jumatatu na stenti ikazibwa Jumanne.

Miezi mitatu ikafika. Tukarudi hospitali ileile, chumba kilekile, na kwa bahati nzuri dada yuleyule. Safari hii alichukua kama dakika arobaini. Nilimwona akichora mstari kuzunguka ndani ya kile chumba cha kushoto, kikiwa kimejaa na kikiwa kimejikamua, kutoka pembe mbili tofauti, ili mashine ikokotoe ujazo. Alikaa sana kwenye ncha ya moyo, akizungusha kifaa, akivuta picha karibu. Nikauliza anatafuta nini. Akasema pale ambapo ukuta haujikunji, damu hutulia, na damu iliyotulia huganda. Bonge likipatikana hapo, mtu huongezewa dawa nyingine, kwa sababu likichomoka linaweza kwenda kwenye ubongo. Hakuliona. Nilishusha pumzi ambayo sikujua nimeishikilia.

Ripoti ikatoka. EF 44%.

Baba alikunja uso. "Nilikuwa 50. Nimerudi nyuma."

Daktari wa moyo hakumjibu kwa maneno. Aligeuza kompyuta, akafungua video ya siku ya pili upande mmoja na ya leo upande mwingine, zikawa zinapiga pamoja. Ningependa kila mgonjwa aonyeshwe kitu hicho. Upande wa kushoto, nusu ya ukuta wa mbele ilikuwa imekaa tu, kama mtu aliyelala kwenye matatu ya usiku. Upande wa kulia, sehemu kubwa ya ukuta huo ilikuwa inajikunja. Akatuonyesha cha kuangalia: msuli mzima hauingii ndani tu, unanenepa kila unapojikamua, kama biseps. Katikati ya ukuta ilikuwa imeanza kunenepa tena. Ncha pekee ndiyo iliyobaki bapa, nyembamba, nyeupe kidogo. Hiyo ndiyo kovu.

Kuhusu ile 50, alisema nambari ya EF hubadilika kulingana na aliyeshika kifaa, pembe aliyotumia, na kama amepima au amekadiria kwa macho. Wataalamu wawili wazuri wanaweza kumpima mtu mmoja siku moja wakatofautiana kwa pointi 5, hata zaidi. Kwa hiyo 50 ya mashine moja na 44 ya mashine nyingine huwezi kuzipanga kama ligi. Lakini 35 na 44, zikiwa zimepimwa chumba kimoja, kwa njia moja, na video ziko hapo unaziona, huo ni mwendo wa kweli. Pale kuna msuli ulioamka.

Kisha akasema jambo ambalo hakuwa ametuambia mapema, labda kutuhurumia. Kama baada ya miezi mitatu ya stenti na dawa EF ingebaki 35 au chini, tungeanza mazungumzo ya kumwekea kifaa chini ya ngozi ya kifua, cha kuushtua moyo ukianza kupiga ovyo. Moyo dhaifu wenye kovu unaweza kufanya hivyo bila onyo. Ndiyo sababu hawaamui hilo siku ya pili. Wangewapandikizia watu ambao misuli yao iliduwaa tu. "Wewe Mzee umevuka," akasema. "Na zilizokuvusha ni dawa. Niliambiwa kuna siku tisa ulizoruka."

Baba akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Usiku huo alikuwa kimya hadi baada ya chai. Nikamwambia kitu nilichosoma, kwa sababu nilijua kingemgusa. Eko ilianzia Lund, Uswidi, mwaka wa 1953. Daktari wa moyo aitwaye Inge Edler alikuwa anatafuta njia ya kuuona moyo bila kupasua mtu. Mwanafizikia Hellmuth Hertz alijua kuna mashine kwenye kiwanda cha meli cha Kockums kule Malmö, ya kupitisha mawimbi ya sauti ndani ya chuma kutafuta nyufa zisizoonekana kwa nje. Wakaiazima, wakaielekeza kifuani.

"Unamaanisha ile mashine ni ya kukagua chuma?" Baba akauliza.

"Ndiyo hiyo."

Akafikiria sana. "Sasa naelewa," akasema. "Weldi inaweza kung'aa juu na ndani iko wazi. Mimi nilikuwa nang'aa juu."

Siku hizi yuko karakana nusu siku. Anaketi kwenye ngoma ya mafuta iliyopinduliwa, anawaelekeza vijana, na geti likihitaji kuinuliwa anasimama kando, mikono mfukoni, ikimuuma. Anatembea hadi stejini na kurudi kila asubuhi, kama alivyoambiwa. Tembe zake ziko kwenye kikopo cha majani chai mezani, ambapo kila mtu anaziona. Video za eko zote mbili tuliomba kwenye diski, na iko kwenye bahasha pamoja na kitambulisho chake. Eko nyingine ni mwakani, chumba kilekile, na ameshaniambia niulize kama dada yule atakuwa zamu.